Tour du Rwanda na ubishi usioisha Nyamirambo

Kati ya 2014 na 2018 Wanyarwanda walizibeba mbio za baiskeli za Tour du Rwanda mara tano mfululizo. Valens Ndayisenga alianza 2014, Jean Bosco Nsengimana akafuata 2015, Ndayisenga akarudia 2016, Joseph Areruya akachukua 2017, na Samuel Mugisha akafunga hesabu 2018 akiwa kijana wa miaka 20. Kuanzia 2019 hadi 2025 jezi ya njano ya bingwa imekwenda Eritrea mara nne, na Hispania, Uingereza na Ufaransa mara moja moja. Nyumbani haijabaki hata mara moja. Kwetu Nyamirambo, mtaa wa Kigali, jambo hili halizungumzwi kwa sauti ya chini.

Mimi mwenyewe si Mnyarwanda. Nimezaliwa Shinyanga, nikakulia mtaa ambao baiskeli inabeba abiria, inabeba mkaa, inabeba mgonjwa kwenda zahanati na bibi harusi kwenda kwa mumewe. Kazi ya kufuatilia mizigo ya transit inayopita mpaka wa Rusumo ndiyo iliyonileta Kigali, na Kiswahili ndicho kilichonifanya nipange Nyamirambo, upande ambao Waislamu na Waswahili wa mji huu wameishi miaka na miaka. Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi 2017, lakini wenye maduka wa Biryogo hawakuwa wamesubiri bunge. Kwa hiyo ukinisikia nasema "sisi" au "vijana wetu", nivumilie. Mtu akishasimama juani asubuhi nzima akimsubiri mpanda baiskeli Moise Mugisha apite, uraia wake unaingia utata kidogo.

Ubishi wenyewe makao yake ni saluni. Kinyozi wangu ndiye kiongozi wa kambi ya kwanza, ile inayosema mbio za zamani zilikuwa bora kwa sababu zilikuwa zetu. Hoja yake ameshaisema mara nyingi mpaka wateja wanaimalizia wao: "Ndugu yangu, ukialika wageni wakala chakula chote, watoto wako wakalala njaa, huo ni ukarimu au ni ujinga?" Watu wanacheka, mashine inanguruma, na mimi nikiwa nimefungwa kitambaa shingoni siwezi hata kugeuka kumjibu. Kambi ya pili, ambayo mimi nimo, inasema mbio za sasa ndizo mbio. Kambi hii ina watu wachache na haina mashine ya kunyolea.

Asiyefuatilia mchezo huu anahitaji kujua kilichobadilika. Tour du Rwanda ilianza 1988, lakini iliingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa, UCI, mwaka 2009, ikiwa na daraja linaloandikwa 2.2. Mbili ya kwanza maana yake ni mbio za hatua nyingi, za siku moja huandikwa moja. Tarakimu ya pili ndiyo inayoeleza ukubwa, na moja iko juu ya mbili. Kwenye 2.2 timu kubwa za dunia, zile unazoziona Tour de France, haziruhusiwi kuleta kikosi chao cha kwanza. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa hadi 2.1, mlango ukafunguka, na mwaka huo huo timu kubwa ya Astana wakaja na Mwaeritrea Merhawi Kudus. Kudus akaondoka na jezi ya njano. Hapo ndipo hesabu ya kinyozi wangu ilipokatika.

Namjibu hivi, nikishafunguliwa kitambaa. Kwanza, zile enzi anazozililia hazikuwa za "sisi" kwa kiasi anachodai. Areruya 2017 na Samuel Mugisha 2018 walishinda wakiwa waendeshaji wa timu ya vijana ya Dimension Data, timu yenye asili ya Afrika Kusini. Walitoka kwanza, wakafundishwa nje, wakarudi kushinda. Pili, zamani Rwanda ilikuwa ikiingiza timu zaidi ya moja, zenye majina ya fahari ya nchi: Karisimbi, Muhabura, Akagera. Ukiwa na vikosi viwili au vitatu barabarani, una miguu mingi ya kukusaidia. Siku hizi timu inakuja na watu watano, na Wafaransa nao wanao watano wao.

Hilo la watano linataka maelezo, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi wanaoutazama mchezo huu kwa jicho la riadha. Baiskeli za barabarani ni mchezo wa timu uliovaa nguo za mchezo wa mtu mmoja. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake hapigwi na upepo, na anaokoa robo ya nguvu zake, wakati mwingine hata theluthi. Kwa hiyo kila timu ina mmoja anayetunzwa na wengine wanaojichosha kwa ajili yake: wanamkinga upepo, wanarudi kwenye gari kumchotea chupa za maji, akipata pancha wanampa gurudumu lao. Wasaidizi hawa wanaweza kumaliza dakika ishirini nyuma na wakawa wamefanya kazi nzuri kuliko mtu wa tano. Mtu wangu wa kutazama huwa ni hao. Jezi ya njano kila kamera inaifuata; mimi namtafuta yule aliyejaza chupa sita ndani ya jezi mpaka mgongo umevimba, anapanda kilima akirudi mbele kuzigawa.

Kitu cha pili kinachowapotosha watu ni kwamba anayefika wa kwanza leo si lazima awe anaongoza. Kinachojumlishwa ni muda. Unafika, unaandikiwa saa, dakika na sekunde zako, kesho unaongezewa za kesho, na baada ya siku nane mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Chris Froome alishinda Tour de France ya 2017 bila kushinda hatua hata moja. Na kwa kuwa wote waliofika ndani ya kundi moja huandikiwa muda mmoja, kuna siku watu sabini wanapita pamoja na msimamo hautikisiki hata kidogo. Halafu kuna siku kilima kimoja kinawachambua wote, na mtu aliyepoteza sekunde kumi na mbili kwa sababu alichelewa kubadili gia anazidaiwa wiki nzima. Mwaka 1989 Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde nane, baada ya kilomita zaidi ya 3,200 kuizunguka Ufaransa. Mwaka 2023 Mwaeritrea Henok Mulubrhan alichukua Tour du Rwanda kwa tofauti ya sekunde chache kiasi kwamba mtu angeweza kuzipoteza kwa kukata kona vibaya Jumanne.

Hii ndiyo sababu nafuatilia kwa karatasi. Nina daftari la kazini ambalo upande wa mbele lina namba za makontena na upande wa nyuma lina msimamo wa jumla. Mchana nikiwa ofisini nafungua Radio Rwanda kwenye simu, sikio moja tu, watangazaji wakiwa juu ya pikipiki wanapiga kelele za Kinyarwanda ambazo hata mgeni wa wiki moja angezielewa: wametoka watatu, tofauti dakika mbili, inashuka, inashuka. Jioni matokeo yakitoka nakaa na kalamu. Nani kapoteza, kapotezea wapi, nani msaidizi wake alikuwa nyuma siku alipomhitaji. Mke wangu anasema nikiipenda hesabu ya nyumba hivyo tungekuwa tumejenga.

Lakini kuna siku lazima uende barabarani, na mimi napenda Shyorongi. Ukiacha kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ukafika Giticyinyoni, barabara ya Musanze inaanza kupanda na haikuonei huruma. Kigali yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Mbelgiji aliyezoea kuishi kwenye tambarare anaanza kuhema kabla kilima hakijaanza. Watu wanajipanga mapema: wanafunzi wenye sare, wamama waliotoka shambani na majembe yao, wauza mahindi ya kuchoma, vijana juu ya kingo za udongo mwekundu. Polisi wanafunga barabara. Kinapita kitambo kirefu ambacho hakuna kinachotokea, na hapo ndipo mashujaa wa kwanza wanapojitokeza, nao ni waendesha baiskeli za mizigo. Baiskeli nzito za chuma zisizo na gia, zile zinazobeba viazi na ndizi na madumu ya maziwa, vijana wanazikalia wakiwa na ndala miguuni na kukipanda kilima barabara ikiwa tupu, umati ukiwashangilia kana kwamba wao ndio mbio. Polisi anawafukuza akicheka.

Mmoja wao alisimama karibu yangu baada ya kufukuzwa, jasho likimtiririka, baiskeli yake ameiegemeza kwenye kiuno. Kundi lilipopita hakuwatazama watu, alitazama vyombo. Macho yake yalikuwa chini, kwenye cheni, kwenye breki za sahani, kwenye matairi membamba. Walipokwisha akaniambia kwa Kiswahili cha Nyabugogo: "Mzee, ni wazuri. Lakini wangepakia gunia la viazi, tungejuana." Nikamwambia yeye ndiye kamishna, mwamuzi wa mbio. Timu ya taifa ya Rwanda ilianza kujengwa 2007 na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, na vijana wengi wa mchezo huu hapa walianzia kwenye baiskeli za namna hiyo hiyo. Adrien Niyonshuti, mmoja wa vijana wa mwanzo, alifika Olimpiki ya London 2012. Kwa hiyo yule kijana wa Shyorongi hakuwa anatania sana.

Na kundi lenyewe linapitaje? Kwanza pikipiki za polisi, honi, magari ya wadhamini yenye muziki na vijana wanaorusha kofia. Halafu kimya kidogo, kisha gari jekundu la mkurugenzi wa mbio. Waliochomoka wanapita, watatu au wanne, midomo wazi, hawakuoni. Unahesabu. Dakika mbili na nusu. Kisha kundi kuu, na juu ya kilima unalisikia kabla hujaliona vizuri: pumzi nyingi kwa pamoja, gia zikibadilishwa moja baada ya nyingine, mtu anakohoa. Harufu ya mafuta ya kuchua misuli inabaki hewani baada ya wao kupita. Msafara wa magari ya timu wenye baiskeli za akiba juu ya paa unawafuata, wengine wakipiga honi bila sababu ninayoifahamu. Na mwisho kabisa, muda mrefu baadaye, mmoja peke yake, amepauka chumvi mabegani, nyuma yake gari la kuwazoa walioshindwa. Huyu anapambana na kikomo cha muda, maana ukichelewa mno baada ya mshindi kufika, kesho huanzi. Shyorongi inamshangilia huyu kuliko aliyeongoza. Wamama wale wa majembe hawajui jina lake wala nchi yake. Wanajua kilima.

Sasa nirudi kwa kinyozi, maana hoja yangu kubwa bado. Ni hii: daraja lilipopanda, mbio ziligeuka kuwa ngazi ya kupandia, na ngazi haiwezi kuwa ngazi kama huku juu hakuna mtu. Waeritrea wanaotufunga mara kwa mara ndio ushahidi wangu. Daniel Teklehaimanot alishinda Tour du Rwanda ya 2010. Miaka mitano baadaye alivaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima kwenye Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Kudus alikuwa naye kwenye timu ile ile ya MTN-Qhubeka mwaka huo. Halafu akaja Biniam Girmay. Tarehe 1 Julai 2024, Turin, hatua ya tatu ya Tour de France, saluni ilikuwa imejaa watu wasio na nywele za kunyoa. Girmay alipopita upande wa ukuta na kunyanyua mikono, kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda nyingine mbili, na mpaka Nice, mwisho wa mbio, akafika na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Nikamwuliza kinyozi: Waeritrea wale wangefika huko kwa kushinda mbio za nyumbani tu? Akasema Waeritrea walipewa baiskeli na Waitaliano tangu zamani, sisi tulipewa nini? Nalo ni jibu, sikatai.

Kwa upande mwingine, kambi yao ina siku yake ambayo haipingiki, nayo imo ndani ya enzi yangu. Februari 2022, hatua ya mwisho, ndani ya Kigali. Moise Mugisha, ambaye 2020 alimaliza wa pili kwa jumla nyuma ya Natnael Tesfatsion, alivuka mstari wa kwanza. Mnyarwanda wa kwanza kushinda hatua tangu mbio zipandishwe daraja. Hakushinda Tour, alishinda siku moja. Lakini mtaa uliinuka. Madereva wa moto, yaani bodaboda, walipiga honi mpaka magharibi. Kinyozi alininyoa bure akasema, "Umeona? Kimoja tu, na tumeshiba." Mimi nikasema kimoja hicho kilipatikana mbele ya timu kubwa, kwa hiyo ni hoja yangu. Yeye akasema kilipatikana na Mnyarwanda, kwa hiyo ni yake. Tuliiacha hapo.

Kuna jina moja ambalo kambi zote mbili zinalitaja kwa heshima, nalo si la Mnyarwanda. Suleiman Kangangi, Mkenya, alimaliza wa tatu kwa jumla mwaka 2017 akiwa na timu ya Bike Aid ya Ujerumani, nyuma ya Areruya na Mwaeritrea Metkel Eyob. Kwa sisi Waswahili wa Nyamirambo huyo alikuwa mtu wa nyumbani. Ungeweza kumpigia kelele kwa Kiswahili barabarani ukajua anaelewa. Baadaye akawa nahodha wa Team Amani, akiwavuta vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda waende kushindana nje. Agosti 2022 alifariki baada ya kuanguka katika mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani. Mchezo huu unapita karibu sana na umati, watu wanapanga viti ukingoni na kushangilia, na ni rahisi kusahau kwamba wanaoteremka vile kilomita themanini kwa saa wamevaa kitambaa tu na kofia.

Mwaka 2023 alikuja Froome mwenyewe, na hapo Nyamirambo ikagawanyika kwa namna nyingine. Amezaliwa Nairobi, akajifunza mchezo utotoni kwa David Kinjah kule Kikuyu, kisha akachukua Tour de France nne kwa jina la Uingereza. Je, ni wetu? Wakenya wanaofanya biashara hapa walisema ndiyo bila kufikiri. Siku ya hatua ndefu ya kutoka Huye kwenda Musanze, karibu kilomita 200, alichomoka na kwenda mbele peke yake, mtu aliyevunjika vibaya 2019 na ambaye wengi walishamwandika kwamba kwisha. Nilikuwa ofisini na mteja mbele yangu, sikio moja kwa mteja, jingine Musanze. Gurudumu likapata pancha, kundi likamkaribia, likammeza. Hakushinda kitu wiki ile. Ila mtu mwenye mataji manne kuja kujichosha peke yake kwenye vilima vyetu, akijua timu zote zinamwinda nyuma, hilo halingetokea chini ya 2.2. Kinyozi alipolisikia hili alibadili mada ikawa timu ya soka ya Rayon Sports.

Septemba 2025 ulimwengu mzima ukahamia kwetu. Mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika, tarehe 21 hadi 28, shule za Kigali zikafungwa, na siku ya mwisho wanaume walipita mtaani kwetu hasa: wakapanda Mont Kigali, wakateremka, kisha wakapandishwa Kwa Mutwe, ule mtaa wa mawe unaotokea upande wa Kimisagara. Mita mia nne tu, lakini mwinuko wake ni asilimia 11, na mawe yale yanatetemesha mpaka meno. Watu walijaa kwenye vibaraza, juu ya kuta, juu ya mapaa ya mabati ambayo wenye nyumba walikuwa wakiyalilia. Mslovenia Tadej Pogačar, bingwa wa siku hiyo, alishambulia Mont Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Mia moja! Alipofika Kwa Mutwe niliona mishipa ya shingo yake kwa karibu kuliko ninavyomwona bosi wangu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba mabega yake hayakutikisika. Miguu inazunguka, baiskeli inaruka juu ya mawe, juu ya kiuno kumetulia kabisa. Nyuma yake wengine walikuwa wakiyumba kutoka ukingo hadi ukingo. Kati ya 165 walioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu.

Ilikuwa siku kubwa, na sitajifanya sikuipenda. Lakini tangu siku ile nimejua wazi kwamba mapenzi yangu yako kwenye mbio za hatua. Mbio za siku moja, aliyeshindwa anaoga, anapanda ndege. Tour du Rwanda, aliyeshindwa analala hoteli ya Rubavu, anaamka na miguu ile ile, anakula wali saa kumi na mbili asubuhi na kwenda kuwatazama tena wale wale waliomwacha jana. Ndani ya hizo siku nane unamjua mtu. Unajua nani hukasirika, nani husamehe, nani anamsubiri mwenzake aliyeanguka na nani anajifanya hajaona. Mtu akiongoza Jumatatu na kuporomoka Alhamisi, halafu Ijumaa akachomoka kwa hasira tu, bila faida yoyote kwenye msimamo, mimi huyo namkumbuka miaka.

Toleo la Februari 2025 halikuwa la raha. Vita vya mashariki ya Kongo vilikuwa vimefika Goma, ng'ambo tu ya Rubavu, na watu wa Goma ambao miaka mingine huvuka mpaka kuja kushangilia walikuwa na mambo mengine. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ilijitoa kwa sababu ya usalama. Mbio ziliendelea, na siku ya mwisho Kigali ikanyeshewa mvua kubwa kiasi kwamba hatua ikasitishwa, Mfaransa Fabien Doubey akabaki na jezi ya njano. Nilikuwa chini ya kibaraza cha duka la simu na watu wengine thelathini, tumelowa, tukibishana kama uamuzi ni sahihi. Mimi nasema ni sahihi: barabara ya lami yenye mafuta ya magari, mteremko wa Kigali na maji yale, mtu angekufa. Kijana mmoja akasema wapanda baiskeli za mizigo wanateremka hivyo hivyo kila siku na hakuna anayewasitishia. Hakuna aliyemjibu.

Februari nyingine inakuja, na kama unatoka Dar, Bujumbura au Kampala na unataka kuona, nakushauri hivi. Usiende mstari wa kumalizia. Kuna uzio, kuna wakubwa, na utaona migongo. Chagua kilima, na uchague siku ambayo tofauti za muda bado ni ndogo. Shyorongi ni pazuri kama hatua inaelekea kaskazini, na vilima vya Karongi juu ya Ziwa Kivu vina mandhari kuliko vyote, ila kurudi Kigali jioni ni kazi. Ukikaa mjini, njoo Kwa Mutwe mapema. Chukua mwavuli hata kama mbingu ni safi, simu iliyojaa chaji kwa ajili ya redio, na kalamu. Polisi wakishafunga barabara hawakuvushi tena, kwa hiyo amua mapema upande wa kukaa: upande wa juu una kivuli cha ukuta mpaka saa sita, na mama mmoja pale anauza sambusa ambazo kwa kawaida huisha kabla waliochomoka hawajafika.